Tallinn kwa siku moja: hati mkononi kwanza, kisha minara na kuta

Kilomita zipatazo 80 za maji ya Ghuba ya Ufini ndizo zinazoitenganisha Helsinki na Tallinn, mji mkuu wa Estonia. Meli huzivuka kwa muda wa saa mbili hivi. Kwa familia inayoishi kusini mwa Ufini, hii ni miongoni mwa safari za karibu zaidi za kwenda nchi nyingine: mtu huondoka asubuhi, akatembea katika mji wenye historia ya miaka mia nane, na usiku akalala kitandani mwake.

Ukaribu huo, hata hivyo, humfanya msafiri asahau kwamba anavuka mpaka wa nchi. Miongoni mwa wasikilizaji wetu wamo raia wa Ufini, wamo wenye vibali vya ukaazi, wamo wakimbizi waliotoka Kongo, Burundi na kwingineko, na wamo wanaongojea uamuzi wa maombi yao. Bahari ni moja, lakini masharti ya kuivuka hayalingani kwa wote. Makala hii inaeleza masharti hayo, kisha inaeleza yale yanayofaa kutazamwa katika siku moja na sababu ya kuyatazama.

Hati kwanza, tiketi baadaye

Estonia ilijiunga na Umoja wa Ulaya mwaka 2004, na ikaingia katika eneo la Schengen mwezi Desemba mwaka 2007. Ufini imo katika eneo hilo tangu mwaka 2001. Kwa sababu hiyo, kwa kawaida msafiri anayeshuka melini Tallinn hakuti dirisha la uhamiaji wala mhuri wa pasipoti. Wengi huchukua hali hiyo kuwa ruhusa ya kusafiri bila hati. Sivyo ilivyo. Kampuni za meli hutaka abiria awe na hati halali, na polisi wa nchi yoyote kati ya hizi mbili wanaweza kumsimamisha msafiri na kumtaka aioneshe.

Raia wa Ufini husafiri kwa pasipoti au kwa kitambulisho cha taifa kinachotolewa na polisi. Leseni ya udereva na kadi ya Kela si hati za kusafiria, hata kama zina jina na picha ya mwenyewe.

Asiye raia lakini ana kibali cha ukaazi cha Ufini anahitaji vitu viwili kwa pamoja: hati ya kusafiria iliyo hai na kadi ya kibali cha ukaazi iliyo hai. Hati ya kusafiria yaweza kuwa pasipoti ya nchi yake, tuseme ya Kenya au ya Tanzania. Yaweza kuwa hati ya kusafiria ya mkimbizi, ambayo msingi wake ni Mkataba wa Geneva wa mwaka 1951. Yaweza pia kuwa pasipoti ya mgeni, ile ambayo kwa Kifini huitwa muukalaispassi, ambayo mamlaka za Ufini humpa mtu asiyeweza kupata pasipoti ya nchi yake. Kadi ya ukaazi peke yake haitoshi, na hati ya kusafiria peke yake haitoshi.

Mwenye vitu hivyo viwili anaruhusiwa kuzitembelea nchi nyingine za Schengen kwa siku zisizozidi 90 katika kila kipindi cha siku 180. Ruhusa hiyo ni ya matembezi. Haimpi mtu haki ya kufanya kazi Estonia wala kuhamia huko.

Hali mbili zinahitaji uangalifu zaidi. Ya kwanza ni ya mtu ambaye kadi yake ya ukaazi imekwisha muda naye ameshaomba kuongezewa. Ikiwa aliomba kabla kadi haijaisha, kwa kawaida anaendelea kuishi Ufini kihalali akisubiri uamuzi. Lakini uhalali huo ni wa ndani ya Ufini. Karatasi inayoonesha kwamba ombi linashughulikiwa haichukui nafasi ya kadi wakati wa kuvuka mpaka, na mwenye nayo anaweza kukwama ng'ambo asiweze kurudi. Ya pili ni ya mtu aliyeomba hifadhi na bado hajapewa jibu. Kadi inayomtambulisha kama mwombaji si hati ya kusafiria. Kwake yeye ni salama zaidi kubaki upande huu wa bahari mpaka jambo lake liamuliwe, au apate ushauri wa mwanasheria kabla ya kugusa tiketi.

Kila mtoto, hata wa kunyonya, anapaswa kuwa na hati yake mwenyewe. Familia nyingi zina watoto wenye hadhi tofauti chini ya paa moja: mmoja raia, mwingine mwenye kibali, wa tatu kadi yake imo katika kutengenezwa. Ni vyema hati zote zitandazwe mezani na tarehe zisomwe moja baada ya nyingine kabla ya kununua tiketi hata moja. Na mtoto anayesafiri na shangazi, mjomba au rafiki wa familia afuatane na barua ya idhini ya mzazi au mlezi wake, yenye namba ya simu.

Kutoka bandarini hadi langoni

Meli za Tallinn huondoka Helsinki kutoka bandari zaidi ya moja, na huko Tallinn pia kuna gati zaidi ya moja. Tiketi hutaja gati, na inafaa kulisoma jina hilo mapema. Saa huandikwa kwa mtindo wa saa ishirini na nne: 16.30 ni saa kumi na nusu jioni kwa hesabu yetu. Saa za Helsinki na za Tallinn ni zile zile. Milango ya kupandia hufungwa kabla ya meli kung'oa nanga, hivyo anayefika katika dakika ile ile iliyoandikwa huikuta meli imeshaondoka.

Ukiwa katikati ya bahari, zima intaneti ya simu. Bei nafuu za simu zinazotumika katika nchi za Umoja wa Ulaya hazihusu mtandao wa satelaiti wa meli, na dakika chache za video zinaweza kuleta bili ya kushtua. Ukifika Tallinn, simu hurudi katika hali yake ya kawaida. Fedha nayo haina haja ya kubadilishwa, kwani Estonia hutumia yuro tangu Januari mosi mwaka 2011.

Kutoka gatini hadi Mji Mkongwe ni mwendo wa miguu wa dakika kumi na tano hadi ishirini. Mnara mrefu unaoonekana tangu melini ni wa kanisa la Oleviste, wenye urefu wa karibu mita 124. Kwa karne nyingi mabaharia waliutumia mnara huo kuwa alama ya kuufikia mji, na ndio unaomwongoza mgeni hata leo.

Soko la kale lililobaki hai

Mji Mkongwe wa Tallinn uliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 1997. Karibu kilomita mbili za ukuta wake wa kale bado zimesimama, pamoja na minara zaidi ya ishirini. Wanaotoka upande wa bandari mara nyingi huingia kwa Lango la Viru, lenye minara miwili midogo ya mviringo. Hapo ndipo lami inapoishia na mawe ya kutandikwa yanapoanzia. Viatu vyepesi vyenye soli nene ni bora kuliko viatu vya harusi, na mwenye kigari cha mtoto ajiandae kukisukuma kwa nguvu.

Kitovu cha mji ni Uwanja wa Baraza la Mji, uitwao Raekoja plats. Jumba la Baraza lenyewe lilikamilika mwaka 1404. Juu ya mnara wake amesimama askari mdogo wa chuma anayeonesha upepo unakotoka, naye wenyeji humwita Vana Toomas, yaani Mzee Toomas. Kielekezi cha kwanza cha namna hiyo kiliwekwa hapo mwaka 1530. Ng'ambo ya uwanja kuna duka la dawa ambalo limo katika kumbukumbu za mji tangu mwaka 1422, nalo bado linauza dawa. Mgeni anaweza kununua humo dawa ya kikohozi, kisha akatazama katika chumba cha pembeni dawa za zamani zilizotengenezwa kwa mifupa na wadudu.

Utajiri uliojenga majumba hayo ulitoka baharini. Tangu mwishoni mwa karne ya 13 mji huu, ambao wakati huo uliitwa Reval, ulikuwa katika Hansa, umoja wa miji ya biashara ya Bahari ya Baltiki na Bahari ya Kaskazini. Chumvi, nguo na samaki viliingia. Nafaka, manyoya na nta vilitoka kuelekea magharibi. Wafanyabiashara wengi walikuwa Wajerumani, na Kijerumani ndicho kilichokuwa lugha ya sheria na ya fedha. Waestonia wenyewe walikuwa wakulima, watumishi na wachukuzi. Anayeijua historia ya miji ya bandari ya Afrika Mashariki, ambamo lugha ya soko na lugha ya shamba hazikuwa daima moja, haoni ugeni katika mpangilio huo.

Kichwa cha Mwafrika juu ya mlango

Katika Mtaa wa Pikk, namba 26, kuna jumba ambalo wageni wengi hulipita wakiwa wametazama ramani. Ni nyumba ya Undugu wa Vichwa Vyeusi, chama cha wafanyabiashara vijana ambao hawajaoa. Uso wa jumba ulitengenezwa upya mwaka 1597. Mlango wake hujulikana mbali kwa nakshi zake, na katika nembo iliyo juu ya mlango kuna kichwa cha mtu mweusi.

Kichwa hicho ni cha Mtakatifu Maurisi, msimamizi wa chama. Kwa mapokeo ya Kikristo, Maurisi alikuwa kamanda wa kikosi cha jeshi la Kirumi kilichotoka Thebes nchini Misri, akauawa pamoja na askari wake kwa kukataa amri iliyopingana na imani yao. Wachongaji wa Ulaya ya kaskazini walizoea kumchora kama Mwafrika mwenye silaha, na wafanyabiashara wa Reval walimchukua awe alama yao. Haikuwa ishara ya kwamba Waafrika waliishi katika mtaa huo. Lakini inaonesha kwamba karne kadhaa kabla ya meli za utalii, vijana wa Kijerumani katika pembe hii baridi ya dunia waliweka sura ya Mwafrika mahali pa heshima, juu ya mlango wao. Mjini Tallinn chama hicho kilidumu hadi mwaka 1940, utawala wa Kisovieti ulipokivunja.

Mwafrika aliyekabidhiwa mji

Mwafrika wa pili katika historia ya Tallinn hakuchongwa, aliishi. Jina lake ni Abram Petrovich Gannibal. Alizaliwa Afrika mwishoni mwa karne ya 17. Wanahistoria hubishana kuhusu mahali penyewe: wengine hutaja upande wa Ethiopia na Eritrea, wengine eneo la jirani na Ziwa Chad. Alitekwa akiwa mtoto, akapelekwa Konstantinopoli, na kutoka huko akafikishwa Urusi katika jumba la Tsar Peter Mkuu. Tsar alikuwa baba yake wa ubatizo, akamlea, kisha akampeleka Ufaransa kusomea uhandisi wa kijeshi.

Baada ya kifo cha Peter, Gannibal aliondolewa katika mji mkuu na kupelekwa mbali, kisha akafundisha kwa muda huko Pärnu, mji mwingine wa Estonia. Binti wa Peter, Elizabeth, alipokalia kiti cha enzi, nyota yake iling'aa tena. Mwaka 1742 aliteuliwa kuwa kamanda wa mji wa Reval, wadhifa alioushika kwa miaka kumi. Ngome, mizinga na askari wa mji huu vilikuwa chini ya mkono wake. Baadaye alipanda hadi vyeo vya juu kabisa vya jeshi la Urusi, na kitukuu chake ni Aleksandr Pushkin, mshairi mkuu wa lugha ya Kirusi.

Si hadithi ya kusimuliwa upande mmoja. Mtoto aliyetekwa na kutolewa zawadi alikuja kupewa mashamba yenye mamia ya watumwa wa ardhi, wakulima wa Kirusi ambao hawakuwa na hiari ya kuondoka. Mzazi anayetembea na kijana wake juu ya kuta za Tallinn anaweza kumweleza yote mawili: kwamba Mwafrika aliulinda mji huu, na kwamba aliyeonja utumwa aliishi kwa jasho la watu wasio huru.

Kilimani Toompea

Juu ya Mji Mkongwe kuna kilima cha Toompea. Kwa karne nyingi kilikuwa mji mwingine kabisa: juu waliishi watawala, mabwana wa ardhi na askofu, chini waliishi wafanyabiashara na mafundi, na kila upande ulikuwa na sheria zake. Njia mbili huunganisha sehemu hizo, Pikk jalg na Lühike jalg, maana yake Mguu Mrefu na Mguu Mfupi. Wenyeji husema kwa mzaha kwamba ndiyo sababu mji wao huchechemea.

Historia ya utawala wa kilima hiki ni orodha ya wageni. Mwaka 1219 alikuja Mfalme Valdemar wa Pili wa Denmark. Inadhaniwa kwamba jina Tallinn lenyewe lilitokana na maneno yenye maana ya mji wa Wadenmark. Wakafuata mashujaa wa Kijerumani, kisha mwaka 1561 Waswidi, kisha mwaka 1710 Warusi. Kanisa kubwa la Kiorthodoksi la Aleksandr Nevsky, lililokamilika mwaka 1900, lilijengwa mbele ya ngome ili kila mtu aone nani anayetawala. Leo ngome hiyo ndiyo makao ya bunge la Estonia.

Katika kona ya ngome kuna mnara uitwao Pikk Hermann. Kila siku jua linapochomoza, bendera ya buluu, nyeusi na nyeupe hupandishwa hapo kwa wimbo wa taifa. Estonia ilitangaza uhuru tarehe 24 Februari mwaka 1918. Mwaka 1940 Muungano wa Kisovieti uliikalia nchi, mwaka 1941 wakaja Wajerumani wa Hitler, na mwaka 1944 Wasovieti wakarudi. Bendera hiyo ilipigwa marufuku. Iliporudishwa mnarani tarehe 24 Februari mwaka 1989, nchi ilikuwa bado ndani ya Muungano wa Kisovieti. Uhuru kamili ulirejeshwa tarehe 20 Agosti mwaka 1991.

Msikilizaji aliyewahi kukimbia vita atasikia jambo la kufahamika katika miaka hiyo. Mwezi Juni mwaka 1941 Wasovieti waliwahamisha kwa nguvu watu wapatao 10,000 kutoka Estonia hadi ndani ya Urusi. Mwezi Machi mwaka 1949 waliwahamisha wengine zaidi ya 20,000, wengi wao wakiwa wanawake, watoto na wazee. Katikati ya matukio hayo, mwaka 1944, makumi ya maelfu ya Waestonia walikimbia, wengi kwa mashua, kuelekea Uswidi na Ujerumani. Katika pembe ya Mtaa wa Pikk na Mtaa wa Pagari bado lipo jengo ambalo shirika la usalama la Kisovieti, KGB, lilitumia kuwafungia na kuwahoji watu. Seli zake za chini sasa ni makumbusho. Wazazi wapime wenyewe kama watoto wadogo waingie.

Sauti iliyovuka maji

Kwa sisi tunaofanya kazi ya utangazaji, kuna sura ya historia hii inayotugusa kwa namna ya pekee. Katika miaka ya Usovieti, wakazi wa kaskazini mwa Estonia waliweza kunasa matangazo ya televisheni ya Ufini. Mafundi wa mitaani walitengeneza kifaa kidogo cha kuwekwa ndani ya televisheni za Kisovieti ili zipokee matangazo hayo sawasawa. Watoto wa Tallinn walijifunza Kifini mbele ya kioo, bila mwalimu na bila kitabu.

Tena wimbo wa taifa wa Estonia na ule wa Ufini una lahani moja, iliyotungwa na Fredrik Pacius. Maneno yake ya Kiestonia yalipopigwa marufuku, lahani ilikuwa ikisikika kutoka ng'ambo pale redio ya Ufini ilipofunga matangazo yake ya usiku. Wasikilizaji wetu kutoka Tanzania wataelewa haraka, kwa kuwa nao wanashiriki lahani moja ya wimbo wa taifa na Zambia.

Meli za abiria kati ya Helsinki na Tallinn zilianza tena mwaka 1965, na mwaka 1972 ikafunguliwa Hoteli Viru, iliyojengwa na kampuni ya Kifini kwa ajili ya wageni wa nje. Vitufe vya lifti vilikuwa na namba 22, ilhali jengo lilikuwa na ghorofa 23. Ghorofa ya juu ilitumiwa na KGB kusikiliza mazungumzo ya wageni vyumbani mwao. Leo ni makumbusho, na hoteli ipo hatua chache kutoka Lango la Viru.

Lugha ndogo isiyokubali kufa

Wakazi wa Estonia nzima ni takriban milioni 1.3 tu. Lugha yao ilidharauliwa na watawala mmoja baada ya mwingine, na wao waliilinda kwa kuiimba. Tamasha la kwanza la nyimbo lilifanyika Tartu mwaka 1869. Siku hizi hufanyika Tallinn kila baada ya miaka mitano, katika uwanja wa Lauluväljak ulio nje kidogo ya mji, kando ya bahari. Mwaka 1988 mamia ya maelfu ya watu walikusanyika hapo kuimba nyimbo zilizokatazwa. Tarehe 23 Agosti mwaka uliofuata, watu wapatao milioni mbili walishikana mikono kutoka Tallinn, kupitia Riga, hadi Vilnius, mnyororo wa zaidi ya kilomita 600. Mapambano hayo huitwa Mapinduzi ya Uimbaji.

Kiestonia na Kifini ni ndugu, na aliyesoma Kifini shuleni ataanza kusoma vibao barabarani kwa furaha. Ajihadhari lakini, maana ndugu hawa hutegana. Linna kwa Kifini ni ngome. Linn kwa Kiestonia ni mji. Raamattu kwa Kifini ni Biblia. Raamat kwa Kiestonia ni kitabu chochote. Na hallitus, ambayo kwa Kifini ni serikali, kwa Kiestonia ni ukungu unaoota juu ya mkate. Anayetaka kuwafurahisha wenyeji aseme tere kwa kuamkia na aitäh kwa kushukuru. Sehemu kubwa ya wakazi wa Tallinn huzungumza Kirusi, na vijana wengi wanajua Kiingereza.

Watu wenye asili ya Kiafrika ni wachache sana Tallinn, na mgeni anaweza kutazamwa kwa udadisi. Namba ya dharura ni 112, kama ilivyo Ufini. Kadi ya Ulaya ya bima ya afya, inayotolewa bila malipo na Kela kwa wanaostahili, humwezesha msafiri kupata matibabu ya lazima katika vituo vya umma.

Kuipangilia siku

Kwa anayefika kabla ya adhuhuri, mzunguko mwepesi ni huu: Lango la Viru, Uwanja wa Baraza, kisha kupanda Toompea hadi kwenye viwambaza vya Kohtuotsa na Patkuli, ambako paa nyekundu, minara na meli bandarini huonekana kwa mtazamo mmoja bila kulipa hata senti. Chakula cha mchana ni cha bei nafuu zaidi nje ya uwanja mkuu. Soko lililo kando ya kituo cha treni, Balti jaam, huuza mboga, samaki, mikate na vyakula vilivyopikwa. Baada ya hapo mshuke kwa Mtaa wa Pikk hadi nyumba ya Vichwa Vyeusi.

Wenye watoto wanaopenda meli waende Lennusadam, makumbusho ya bahari yenye nyambizi ya kuingia ndani. Wanaotaka utulivu wapande tramu hadi Kadriorg, bustani na kasri ambalo Peter Mkuu alianza kulijenga mwaka 1718. Msijaribu yote mawili kwa siku moja. Wakati wa Desemba jua huzama kati ya saa tisa na saa kumi alasiri, na upepo wa bahari hauna huruma. Juni nayo huwa na mwanga karibu usiku kucha.

Mtaa wa Pikk huishia kwenye mnara mnene uitwao Margareeta, karibu na bandari. Kando yake kuna upinde mweusi wa chuma uliokatika katikati. Ni kumbukumbu ya meli ya abiria Estonia, iliyozama usiku wa kuamkia tarehe 28 Septemba mwaka 1994 ikitoka Tallinn kwenda Stockholm, ikafa na watu 852. Majina yao yameandikwa hapo. Leo sheria za Umoja wa Ulaya zinataka majina ya abiria wa safari ndefu za baharini yasajiliwe kabla meli haijaondoka, ndiyo maana jina lililo kwenye tiketi lapaswa kulingana na lililo kwenye hati.

Wahenga wa pwani walisema mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani. Msafiri wa siku moja ahesabu saa ya kurudi tangu anaposhuka gatini, na kabla ya kuuacha Mji Mkongwe apapase mfukoni: tiketi, hati ya kusafiria na kadi ya ukaazi, kwa kila mmoja wa familia.